Sungura Alishuka Kuteka Maji

Alhamisi, Oktoba 1956. Newala, karibu na ukingo wa uwanda wa juu.

Jua limewaka tangu asubuhi, upepo umepeperusha mchanga mwekundu hadi ndani ya sufuria, na mvua haina dalili. Nimekaa nyuma ya jiko la Mama mdogo, daftari magotini, na kalamu inatoboa karatasi.  Ni hasira.

Sijaizoea hasira. Shuleni Masasi, kila mwaka, waliandika neno moja kwenye ripoti yangu: mtulivu. Nilikuwa nikilisoma na kufurahi. Leo nimelijua upande wake wa pili. Mtulivu ni mtu anayeweza kumwona mtoto akionewa mbele yake na asifungue kinywa.

Hapana, mimi nilikifungua. Hilo ndilo baya zaidi, na nitalifikia.

Nianze mwanzo, kama ninavyowafundisha watoto. Kwanza, kisha, halafu, mwisho.

Nilimaliza darasa la nane, sikupata nafasi ya kuendelea, nikaletwa huku juu kwa Mama mdogo. Mumewe, Mwalimu Yohana, ndiye mkuu wa shule hii ya vyumba viwili na paa la nyasi. Yeye hufundisha hesabu na dini. Mimi nimepewa darasa la pili, somo la kusoma, mpaka apatikane mwalimu aliyeisomea kazi. Watoto ni ishirini na watatu. Wiki ya kwanza nilifundisha nikiutazama mlango, maana kuwatazama wao sikuweza.

Siku niliyojipa moyo nikawasimulia hadithi, niliharibu. Nilisema, "Basi Sungura akajitwika mtungi, akapanda mlimani kuteka maji." Darasa zima likaangua kicheko. Asnati, msichana wa miaka tisa mwenye pengo mbele, akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, Sungura wa kwenu mjinga. Anapanda kwenda wapi?"

Nilidhani ananidharau. Nikamtoa nje, akasimama juani mpaka kipindi kikaisha.

Kwetu Masasi tunakaa chini ya majabali. Kijito kinatoka ubavuni mwa mlima. Tangu utotoni nimepanda na ndoo tupu na kushuka na ndoo iliyojaa, sikuwahi kufikiri kwamba duniani kuna watu wanaofanya kinyume.

Kesho yake Mama mdogo, ambaye mpaka hapo alikuwa akiteka maji kabla sijaamka, akanipeleka majini. Tuliondoka jogoo wa kwanza. Tulifika ukingoni, na njia ikadondoka mbele yetu kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Tukashuka, tukashuka. Huko chini kabisa, kwenye mikuyu, kuna shimo la maji ambalo wanawake hulizunguka wakichota kwa kata, mmoja baada ya mwingine, na ukichelewa unakuta tope. Kisha tukapanda na madebe kichwani. Njiani kuna vituo saba vya kupumzikia, na kila kituo kina jina lake. Kwenye cha nne nilitua debe nikalia.

Asnati alikuwa nyuma yangu na kidebe chake. Hakunicheka.

"Pole, mwalimu. Hapa tunapaita Mama-nisaidie. Kila mtu analia hapa mara ya kwanza. Hata mjomba wangu alilia, ila anakataa."

Siku ile ndipo nilipojifunza kufundisha.

Watoto wangu walikuwa wakichanganya hadithi. Fisi anakufa, halafu anaalikwa harusini. Niliwaeleza mpangilio wa matukio kwa ubao na chaki, haikuingia. Nikawaambia, hadithi ni njia ya maji. Unatoka nyumbani na debe tupu, unashuka. Chini kabisa ndipo jambo kubwa linapotokea. Kisha unapanda likiwa limejaa, na ukifika nyumbani unamimina, watu wanaona ulichobeba. Tukapanga mawe saba uwanjani, kila jiwe na jina la kituo chake, la kwanza la chini kwenye maji, la saba la nyumbani. Mtoto anatembea jiwe kwa jiwe, kushuka na kupanda, akisimulia, na akiruka tukio wenzake wanapiga kelele, "Umeruka Mama-nisaidie! Rudi!"

Ulipofika mwezi wa sita, hata Klementi, ambaye husinzia akiwa amesimama, aliweza kusimulia hadithi nzima bila kumfufua Fisi. Nilijivuna, nakiri. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ninachokijua mimi.

Asnati ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alikuwa akisimulia na nyimbo zake, na sauti ya bibi yake, na kila mnyama na mwendo wake. Akifika jiwe la chini alikuwa akinyamaza kidogo, makusudi, mpaka wenzake waanze kumsukuma.

Sasa, huku mambo ya mtoto huamuliwa na mjomba, kaka wa mama yake. Mjomba wa Asnati, Mzee Chipola, hakuipenda shule. Siku moja alisimama uwanjani na jembe begani akatutazama tukiruka mawe, akasema kwa sauti ili majirani wasikie, "Shule gani hii, hadithi mchana kweupe? Hawa wataota pembe." Watu wakacheka, maana huku husemwa asimuliaye hadithi mchana huota pembe. Ila aliweka neno lake kwa Mama Asnati, na Mama Asnati akaja kuniambia mimi kwa unyenyekevu ulionitia aibu: mtoto akifaulu mtihani wa mwaka huu, atakwenda darasa la tatu misheni, atakaa kwa shangazi yake. Akianguka, hakuna kurudia. "Debe lake lipo," ndivyo alivyosema Mzee Chipola.

Asnati mwenyewe alilijua hilo. Alikuwa akilitamka kama mchezo. "Mwalimu, nikianguka, utanikuta Mama-nisaidie."

Bwana Mkaguzi wa shule alifika jana alasiri kwa baiskeli, soksi nyeupe hadi magotini. Mtu wa pwani. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Aliwaamkia wazee vizuri, akauliza habari za korosho. Mgeni akija, nyumba hupeana zamu ya kumletea maji, na zamu ilikuwa ya kina Asnati. Yeye na mama yake walishuka jana alfajiri, wakamletea madebe mawili, na Mama mdogo akaweka nusu debe mtungini ya siku zijazo. Bwana Mkaguzi alinawa miguu vumbi likamtoka, akaogea mengine, na yaliyobaki akayamwaga pale kwenye mpapai. Asnati alikuwa amesimama karibu na jiko akingoja kurudishiwa madebe. Aliutazama ule mchanga uliolowa mpaka ukakauka. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Niliona ni adabu.

Leo asubuhi akafungua kisanduku chake. Ndani kulikuwa na picha tano za kadibodi, zimechapwa vizuri, hadithi ya Sungura na Fisi. Mtihani ni huu: mtoto anaitwa peke yake barazani, anazipanga kuanzia mwanzo hadi mwisho, anasimulia. Wengine wanangoja nyuma ya kanisa, na aliyekwisha kupanga harudi kwa wenzake.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilizitazama zile picha moja moja.

Picha moja, Sungura na Fisi wanatoka nyumbani, mitungi kichwani. Nyingine, wanapanda mlima, mitungi kichwani. Nyingine, wako kwenye chemchemi, Fisi amelala, Sungura anamtilia mchanga mtungini. Nyingine, wanashuka mlima, mitungi kichwani. Ya mwisho, nyumbani kwa Fisi, mkewe anamimina na mchanga unatoka.

Mitungi ni ileile kote. Mchoraji hakuchora kilichomo ndani, na nani angeweza?

Nilijua palepale. Nilijua kabla ya mtoto wa kwanza kukaa. Ningeweza kuinama na kusema, "Bwana, samahani, huku kwetu maji yako chini." Maneno machache tu. Nilikuwa nayo ulimini. Nikasema nitangoja anyamaze. Aliponyamaza, nikasema nitangoja amalize kuandika. Alipomaliza kuandika, Klementi alikuwa ameshakaa kitini na kuzipanga: wanatoka nyumbani, wanashuka, wako kwenye maji, wanapanda, wanafika.

Mkaguzi akaweka alama ya kosa.

Mtoto wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Walikuwa wakinitazama baada ya kumaliza, wanatabasamu, kwa sababu walijua wamefanya vizuri. Alipofika mtoto wa kumi, Bwana Mkaguzi alivua miwani. Alipofika wa kumi na tano, akacheka peke yake puani.

"Wewe binti, jina lako nani?"

Nilisema. Hakusikia. Nikasema tena. Hakusikia. Mwalimu Yohana akanisemea, "Anaitwa Hilda, bwana."

"Hilda, kisanduku hiki kilitangulia juzi kwa lori, kikakaa nyumbani kwenu. Sivyo? Watoto kumi na tano, hawaonani, wote wanakosa mahali palepale. Huko si kukosa. Huko ni kukaririshwa." Akainua ile picha ya kupanda mlima, akaipunga mbele ya uso wangu. "Ila kama ni kuiba, mwanangu, ungeiba vizuri. Ungewafundisha mpangilio ulio sahihi."

Wazee wawili wa kanisa waliokuwa barazani wakacheka kwa kumfuata mgeni. Mwalimu Yohana alitazama viatu vyake.

Mimi mwizi. Mimi ambaye sijawahi kuchukua hata kipande cha chaki.

Lakini si hilo linalonichoma. Ningalilibeba. Ngoja.

Asnati aliitwa wa kumi na tisa. Alikaa, akazipanga upesi, akaanza kusimulia. Ee, alivyosimulia! Alimfanya Fisi akokote miguu akishuka. Alipofika chini kwenye maji akanyamaza, makusudi yake yale, na nikamwona Bwana Mkaguzi mwenyewe amesogeza kichwa mbele akingoja. Aliimba wimbo wa Sungura. Aliwapandisha wale wanyama kituo kwa kituo, Fisi akihema na kusema, "Mbona mtungi wangu mzito kuliko wako?" na Sungura akijibu, "Kaka, uzito ni wa maji ya baraka." Mmoja wa wazee alipiga goti kwa kicheko, na safari hii alicheka mwenyewe.

Alipomaliza, Bwana Mkaguzi akasema, "Unasimulia vizuri. Lakini umekosea. Hapa wanapanda kwanza, halafu wanashuka."

Asnati aliitazama ile picha, akamtazama yeye. Hakuwa na ufidhuli hata chembe. Alikuwa akimsaidia.

"Bwana, wakipanda watafika wapi? Juu hakuna maji. Juu tupo sisi."



Sijawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo. Lilikuwa limefika pale mezani, limesafishwa, halina tope. Ilibaki mtu mzima mmoja tu aseme, ndiyo.

Bwana Mkaguzi akageuka kwangu. "Ndivyo ulivyowafundisha, mwalimu? Kubishana na wakubwa?"

Nikasema, "Hapana, bwana."

Nilisema hapana.

Sauti yangu, ambayo haikuweza kulitaja jina langu, ililitoa neno hilo wazi kabisa, hadi barabarani wangelisikia. Asnati alinitazama. Si kwa chuki. Alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu na haimtoki. Kisha akaziacha picha, akashuka barazani, akakaa juu ya jiwe letu la saba, la nyumbani.

Mbele ya jina lake Bwana Mkaguzi aliandika: ameshindwa, mbishi. Wanne waliobaki waliitwa, wakapanga vilevile, wakaandikiwa vilevile. Kisha akasema atatia sahihi karatasi ya matokeo kesho asubuhi baada ya kuoga na kunywa chai, ndipo aende boma. Kunihusu mimi ataandika barua ya peke yake.

Akaniachia kisanduku nizirudishe picha kwa mpangilio. Nilizirudisha. Nilizipanga kwa mpangilio wa watoto, nikafunga kifuniko. Kwa dakika chache nilijiona shujaa. Halafu nikajicheka. Shujaa gani huyo, wa ndani ya kisanduku? Akikifungua kwingine atadhani zimechanganyika njiani. Itamsaidia nini Asnati?

Mchana Mwalimu Yohana alinifuata jikoni. Alikuwa mpole, na upole wake ulizidi kuniudhi.

"Usimkasirikie mgeni, mwanangu. Yeye amefuata kilichochapwa."

"Baba, wewe unajua maji yako wapi."

"Ninajua."

"Mbona hukumwambia?"

Alijikuna kidevu. "Nimefundisha miaka kumi na minane," akasema. "Picha zile nimeziona mara nyingi. Kila mara nasema nitamwambia wa mwakani."

Kumbe! Kumbe kuna wengine walioanguka kabla ya hawa. Nimekaa nikiwahesabu wasichana ninaokutana nao njiani wakiwa na madebe, walioishia darasa la pili. Nilidhani hawakupenda shule. Huyu anayekuja na mtoto mgongoni, yule wa nyumba ya pili. Je, na wao walimshusha Sungura?

Mzee Chipola hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alipita alasiri, akasimama palepale aliposimama siku ile. "Mwalimu! Pembe zimeota?"  Najua ameshaamua, na karatasi yenye sahihi itakuwa ushahidi wake.

Kisha nikakutana na Asnati. Alikuwa akienda ukingoni kabla ya wakati wake, na safari hii hakuwa na kile kidebe chake. Alibeba debe la mama yake, la watu wazima. Nilitaka kupita upande wa pili wa njia. Nasema kweli, nilitaka kujificha nyuma ya mkorosho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Asnati."

Akasimama. Akanitazama kwa adabu yote.

"Mwalimu, kwa hiyo kuanzia leo tupande wapi kuteka maji?"

Hakungoja jibu. Akashuka.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepigwa. Barazani Bwana Mkaguzi alikuwa akinywa chai na kuwasifu wazee kwa hewa nzuri ya huku juu. Hewa nzuri! Nikaingia uani. Kwenye mtungi wa mgeni kulikuwa kumebaki ile nusu debe, maji yaliyowekwa ya kuoga kesho.

Sikuyamwaga. Mtu aliyewahi kulia Mama-nisaidie hamwagi maji. Niliyajaza ndooni, nikajitwika, nikayapeleka kwa kina Asnati, nikayamimina kwenye mtungi wa bibi yake. Bibi alishangaa. "Mwalimu, haya ya nini?" Nikamwambia, "Ni yenu, bibi. Nayarudisha." Akayatazama, akanitazama, akaniombea kwa Mungu kana kwamba ninaumwa.

Sasa hivi, kabla sijaandika ukurasa huu, Mama mdogo ameufunua mtungi.

"Hilda! Maji ya mgeni yako wapi?"

Barazani vikombe vilinyamaza. Nilisimama pale uani, masikio yanawaka, na nikasikia sauti yangu ikitoka, si kubwa, lakini imetoka.

"Yako chini, mama."

Mama mdogo alinitazama.  Halafu akarudisha kifuniko juu ya mtungi, taratibu, akaenda zake kuchambua mboga. Hajamtuma mtu majini. Nyumba nzima hakuna aliyemtuma mtu.

Jua linagusa ukingo. Nimeyaweka madebe mawili mlangoni pa chumba cha mgeni, moja langu na moja lake, na juu ya lake nimeweka kata. Jogoo wa kwanza nitabisha. Nitasema, shikamoo bwana, maji ya kuoga hayapo, twende tukateke. Tutashuka na madebe matupu. Huko chini tutamkuta Asnati. Nitamwacha Bwana Mkaguzi ajitwike, apande, aone vituo vyote saba. Kwenye cha nne, akitua debe, nitazitoa kifuani zile picha tano, ambazo nimeshazichomoa kisandukuni, na kumwomba azipange. Na nitamwambia kwamba jana nilisema hapana, na lilikuwa uongo. Ndivyo nilivyowafundisha.

Naogopa sana. Najijua. Huenda mlango ukafunguka na sauti ikaniacha tena, nikabaki nazitazama soksi zake.

Ikiniacha, nitamkabidhi debe, na nitatangulia kushuka.